Aliyevuka Mpaka wa Kagera: Kwa Nini Mvamizi Mwenye Nguvu Hushindwa

Somo la vikundi vya nyumbani
Maandiko ya kusoma kabla ya kikundi: 1 Wafalme 20 na 21, 1 Wafalme 22:29–38, Habakuki 1 na 2
Shabaha ya somo: Kuelewa kwa nini nguvu pekee haimpi mvamizi ushindi, na kujichunguza sisi wenyewe kuhusu mipaka ya jirani zetu.



Somo hili lilianzia kwenye chai ya baada ya ibada. Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Bukoba, alikuwa akiwasimulia vijana habari za miaka aliyofanya kazi ya udereva Saudi Arabia, kabla hajafika huku tuliko. Aliishi Al-Malqa, mtaa wa majumba makubwa kaskazini mwa Riyadh, katika chumba cha dereva kando ya geti. Mwaka mmoja familia aliyokuwa akiiendesha ilikwenda Jeddah kupumzika, naye akaenda nao. Huko akakutana na dereva mwenzake kutoka Arua, Uganda. Siku moja walipokuwa wakipita karibu na makaburi ya Ruwais, yule wa Arua alipunguza mwendo akasema, "Mzee wetu amelala humu." Hakuhitaji kutaja jina. Ndugu yetu alinyamaza. Baba yake aliikimbia nyumba yake Kagera mwaka 1978 akiwa na mtoto mgongoni, na ng'ombe wake wote walivushwa mpaka na askari wa mzee huyo.

Kijana mmoja akauliza, "Sasa, kama Amin alikuwa na vifaru na ndege za vita, alishindwaje?" Kabla hajajibiwa, mama mmoja wa Goma aliyekuwa akisikiliza pembeni akauliza la kwake kwa sauti ya chini: "Na wa kwetu atashindwa lini?"

Chai ilipoa vikombeni. Kati yetu tuko Watanzania, Waganda, Wakenya, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Vita ambavyo wengine wanavisoma vitabuni, sisi tuna jamaa waliovipita. Tukaona maswali hayo mawili yanastahili somo zima, nalo ndilo hili.

1. Yaliyotokea

Kwa ajili ya watoto waliozaliwa huku, tueleze kwa ufupi.

Idi Amin alichukua madaraka Uganda kwa mapinduzi tarehe 25 Januari 1971, wakati Rais Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Mwalimu Julius Nyerere alimpa Obote hifadhi Tanzania na akakataa kumtambua Amin. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kwa silaha wakitokea Tanzania, wakashindwa. Ndege za Amin zikapiga mabomu Bukoba na Mwanza. Oktoba mwaka huo pande mbili zikapatanishwa Mogadishu. Hili tunalisema bila kulificha, maana ugomvi huu ulikuwa na historia, na upande wa Tanzania nao ulikuwa na lake.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kulikalia eneo lote lililo kati ya mpaka na Mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Raia waliuawa, nyumba zilichomwa, maelfu ya watu walikimbilia kusini ya mto. Ng'ombe walisombwa kwenda Uganda, na kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa. Tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kwamba eneo hilo sasa ni lake, na mto ndio mpaka mpya. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa ili Watanzania wasiweze kuvuka.

Tarehe 2 Novemba Nyerere alizungumza na taifa kutoka Dar es Salaam. Alitaja mambo matatu ambayo Mtanzania yeyote wa umri ule anayakumbuka mpaka leo: uwezo wa kupigana, sababu ya kupigana, na nia ya kupigana. Yote matatu, alisema, Tanzania inayo.

Mengine yalikwenda hivi. Novemba majeshi ya Tanzania yalivuka mto. Mapema Januari 1979 ardhi yote ya Tanzania ilikuwa imerudi. Kabla mwezi huo haujaisha waliiteka Mutukula, upande wa Uganda. Tarehe 24 Februari waliingia Masaka, na siku iliyofuata Mbarara. Machi palikuwa na vita vikali Lukaya. Tarehe 7 Aprili Entebbe ilianguka, na tarehe 11 Aprili Kampala. Mwanzoni mwa Juni walifika mpaka wa Sudan, vita vikaisha. Amin alikimbilia Libya, baadaye akapokewa Saudi Arabia, akaishi Jeddah kimya kimya hadi alipofariki hospitalini tarehe 16 Agosti 2003. Alizikwa Ruwais.

Kutoka siku aliyotangaza kuimega nchi ya jirani hadi siku aliyopoteza mji wake mkuu haikufika miezi sita. Kijana wetu ana haki ya kuuliza: ilikuwaje?

2. Sababu sita

Ya kwanza: alitoka kwenda kupigana huku nyumba yake ikiungua. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia kwa kuwapa siku 90. Maduka na viwanda vyao viligawiwa askari na marafiki, ambao wananchi waliwaita mafuta mingi. Baada ya muda sukari, chumvi na sabuni vikawa adimu. Nchi ikabaki kutegemea kahawa, na mwaka 1978 bei ya kahawa ilishuka, na Marekani ikasimamisha biashara nayo. Ndani ya jeshi wakubwa waligombana. Aprili 1978 makamu wake, Jenerali Mustafa Adrisi, aliumia katika ajali ya gari akapelekwa Misri kutibiwa. Akiwa huko, watu wake waliondolewa kwenye vyeo. Vikosi vikaanza kuasi. Vita vya mpakani vilikuja wakati huo. Mtu anayegombana na mkewe, na wanawe, na wafanyakazi wake, akaamua kwenda kumpiga jirani ili nyumba itulie, hatapata utulivu; atakuwa na ugomvi mmoja zaidi.

Ya pili: jeshi lililozoea kupora lilikuwa limesahau kupigana. Kwenye karatasi jeshi la Amin lilitisha. Lilikuwa na vifaru, magari ya deraya na ndege za MiG. Lakini kwa miaka saba kazi yake kubwa ilikuwa kuwatisha raia wasio na silaha. Askari aliyepandishwa cheo kwa sababu ya kabila au urafiki hajui afanye nini adui anaporudisha risasi. Kagera walipora ng'ombe, mabati na mashine, wakageuka kusafirisha mali badala ya kujiandaa. Mtu aliyebeba mzigo wa wizi anafikiria namna ya kuufikisha nyumbani. Mizinga ya Tanzania ilipoanza kuunguruma, wengi walipanda malori wakaondoka.

Ya tatu: alimdharau jirani. Amin aliiangalia Tanzania akaona nchi maskini yenye jeshi dogo na rais mwalimu wa shule, mwembamba, mwenye nywele nyeupe. Yeye alikuwa amewahi kuwa bingwa wa ndondi Uganda. Katikati ya vita hivyo alipendekeza ugomvi uishe kwa yeye na Nyerere kupigana ulingoni, mwamuzi awe Muhammad Ali. Watu walicheka, lakini mzaha ule ulionyesha jinsi alivyokuwa akipima mambo: kwa ukubwa wa ngumi. Tena alifikiri itakuwa kama mwaka 1972: wapatanishi watakuja, Umoja wa Nchi Huru za Afrika utaomba pande zote zitulie, naye atabaki na alichokichukua au angalau atasamehewa. Wapatanishi walikuja kweli. Nyerere akawajibu kwamba hawezi kuzungumza na aliye ndani ya nyumba yake, wakati wenye kupatanisha hawataki hata kutamka kwamba kuvamia ni kosa.

Ya nne: uvamizi uliwaunganisha waliovamiwa. Tanzania ya 1978 ilikuwa na malalamiko yake. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, wengine kwa nguvu; bidhaa zilikuwa haba. Lakini habari za Kagera ziliposikika redioni, manung'uniko yaliwekwa kando. Mabasi na malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari. Vijiji vilitoa ng'ombe na nafaka. Mgambo, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa waliitwa, na jeshi lililokuwa na watu pungufu ya 40,000 likapita 100,000. Wengi wao walitembea kwa miguu kutoka mpakani mpaka Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 200, wakiongozwa na makamanda kama Jenerali David Musuguri. Askari wa namna hiyo hakuhitaji kuelezwa kila asubuhi kwa nini yuko pale. Sababu alikuwa ameiona Kyaka, katika nyumba zilizochomwa. Amin mwenyewe ndiye aliyempa adui yake sababu na nia. Alichodhani kimekosekana, yaani uwezo, kilifuata hayo mawili.

Ya tano: alitegemea msaada wa rafiki wa mbali. Muammar Gaddafi wa Libya alituma askari, vifaru na ndege kumwokoa Amin. Lukaya walifanikiwa kwa usiku mmoja kuwarudisha nyuma Watanzania. Kesho yake walizungukwa wakashindwa vibaya. Wengi wao hawakuijua nchi, hawakujua lugha, na walijikuta wakipigana huku wenyeji wao, askari wa Amin, wakikimbia. Mwishoni mwa Machi ndege ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama. Walipoikaribia Kampala, Watanzania waliacha wazi barabara ya mashariki, ya kwenda Jinja, ili Walibya wapate pa kutokea. Huo nao ulikuwa ushindi wa akili: adui aliyeachiwa mlango hana haja ya kupigana mpaka kufa.

Ya sita: watu wake hawakumlilia. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Katika miaka minane Amin aliua maelfu kwa maelfu ya Waganda. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa pamoja na mawaziri wawili, kisha serikali ikasema ilikuwa ajali ya gari. Kwa hiyo majeshi ya kigeni yalipoingia Masaka na Kampala, wananchi walitoka barabarani kushangilia. Waganda waliokuwa uhamishoni, wa Obote na wa Yoweri Museveni, walipigana upande wa Tanzania, na Machi 1979 walikutana Moshi kupanga serikali mpya. Wapendwa Waganda wanatuambia kwamba hata Kiswahili chetu hiki kiliogopwa kwao, kwa sababu kilikuwa lugha ya askari aliyegonga mlango usiku. Mtawala anayetisha watu wake mwenyewe hana nchi nyuma yake. Ana kambi tu, na kambi ikianguka imekwisha.

3. Si Afrika tu

Asitokee mtu akadhani haya ni mambo ya Afrika peke yake. Ndugu zetu waliofanya kazi Riyadh wamesikia kwa waajiri wao habari za mwaka 1991, makombora ya Iraq yalipokuwa yakiangukia mji ule usiku na watu wakifunga madirisha kwa utepe.

Tarehe 2 Agosti 1990 Saddam Hussein aliivamia Kuwait, akaitangaza kuwa mkoa wa 19 wa Iraq. Jeshi lake lilihesabiwa kati ya makubwa kabisa duniani. Lakini tazama zile sababu zetu. Nyumba yake ilikuwa ikiungua: alikuwa ametoka kwenye vita vya miaka minane na Iran, ana madeni makubwa. Alimdharau jirani mdogo. Alidhani dunia itanung'unika kisha itazoea. Askari wake walipora Kuwait kama wale wa Amin walivyopora Kagera. Uvamizi wake ukaunganisha watu ambao kwa kawaida hawaketi meza moja: nchi za Magharibi, na majeshi ya Misri, Shamu na Saudi Arabia. Vita vya anga vilianza tarehe 17 Januari 1991, vya nchi kavu tarehe 24 Februari, na tarehe 28 Februari Kuwait ilikuwa huru. Wakati huo wote Idi Amin alikuwa mgeni Jeddah. Aliyeimega Kagera aliishi katika nchi iliyokuwa ikipigwa makombora na mtu aliyeimeza Kuwait.

4. Maandiko yanasemaje

Fungueni 1 Wafalme 20. Ben-hadadi, mfalme wa Shamu, anauzingira Samaria pamoja na wafalme 32, farasi na magari. Anataka fedha, dhahabu, wake na watoto. Ahabu, mfalme dhaifu na mwenye makosa mengi, anakubali. Kisha Ben-hadadi anaongeza: kesho watumishi wangu wataingia kila nyumba wachukue chochote kinachopendeza. Hapo wazee wa nchi wanasema hapana. Tamaa ya mvamizi ndiyo iliyowapa Waisraeli nia. Angetosheka na la kwanza, huenda angelipata.

Ben-hadadi anajigamba kwamba mavumbi ya Samaria hayatatosha viganja vya watu wake. Ahabu anamjibu kwa maneno machache kwamba mwenye kuvaa silaha asijisifu kama mwenye kuzivua. Adhuhuri, Ben-hadadi akiwa amelewa na wafalme wake 32, vijana 232 wanatoka mjini, na nyuma yao watu 7,000. Mwenye nguvu anatoroka juu ya farasi. Mwaka unaofuata anarudi, washauri wake wakiwa wamempa sababu nyepesi ya kushindwa kwake, kwamba Mungu wa Israeli ni wa milimani tu. Hajajifunza lolote. Afeki anashindwa tena, na mwisho anajificha katika chumba cha ndani.

Mambo yaleyale: tamaa, dharau, ulevi, washauri wanaosema yanayopendeza, na marafiki wengi wasiosaidia. Lakini Biblia inaongeza jambo ambalo wachambuzi wa vita hawaliandiki: Bwana alimwambia Ahabu sababu ya ushindi ule, na haikuwa wema wa Ahabu. Ilikuwa ili ajue kwamba yeye ni Bwana. Tusisome vita vya Kagera tukasema Mungu alikuwa Mtanzania. Alimpinga mwenye kiburi, na hilo linatuhusu wote.

5. Swali la mama wa Goma

Sasa tusilikwepe swali la pili. Tangu Januari 2025, Goma ilipochukuliwa na M23, kisha Bukavu Februari, baadhi ya familia zetu hulala na simu mkononi. Kuwaambia kwamba mvamizi hushindwa, kwa kuwa Amin alishindwa, ni kuwapa jiwe badala ya mkate. Historia haisemi kwamba kila mvamizi hushindwa upesi. Wengine hukaa miaka mingi. Wengine hufa wakiwa bado wamekalia walichokichukua. Hata Amin hakusimama mbele ya hakimu. Alikula, akalala, akazeeka karibu na Bahari ya Shamu, na waliouawa Kagera na Uganda hawakupata siku yao mahakamani.

Habakuki aliuliza swali lilelile la mama yetu: hata lini? Aliona taifa kali likija kuchukua makao yasiyo yake, akamuuliza Mungu kwa nini ananyamaza. Mungu hakumkemea kwa kuuliza. Alimwambia aandike njozi, angoje hata ikikawia, kisha akamwonyesha ole juu ya anayejirundikia visivyo vyake na anayejenga mji kwa damu. Hakumpa tarehe.

Nasi hatuna tarehe. Tunacho hiki: sababu zilizomwangusha Amin zilikuwa zikifanya kazi miaka mingi kabla hazijaonekana. Mwaka 1976 nani angesema amebakiza miaka mitatu? Wizi ulikuwa ukila jeshi lake kimya kimya, na hofu ilikuwa ikimwondolea watu mmoja mmoja. Yanayooza hayapigi kelele mwanzoni. Kwa hiyo mama, hatukuambii "kesho". Tunakuambia kwamba nguvu unayoiona kwenye simu yako si picha yote, na kwamba hutangoja peke yako. Kikundi kitakachosoma somo hili wiki hii, kitafute familia moja ya Kivu, kikae nayo kabla ya kufungua Biblia, kisikilize kwanza.

6. Onyo kwa aliyeshinda

Hapa ndipo somo linapotugeukia. Ahabu alitoka kuokolewa na mnyang'anyi katika sura ya 20. Sura ya 21 inaanza naye akilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, jirani yake. Nabothi anakataa kuuza urithi wa baba zake. Anauawa, na Ahabu anashuka kulimiliki. Katika sura ya 22 anakwenda yeye mwenyewe kupigana Ramoth-Gileadi, amejibadilisha mavazi, na mshale uliopigwa kwa kubahatisha unamwua. Aliyejua uchungu wa kuporwa alipora. Kuvamiwa hakumfanyi mtu kuwa mwema.

Washindi wa 1979 nao walijaribiwa. Masaka na Mbarara majengo mengi yalibomolewa kwa kulipiza kisasi cha Kagera, na waliokaa humo hawakuwa wao waliovuka mpaka. Uganda iliyokombolewa haikupata amani. Serikali zilipinduana, na baada ya uchaguzi wa 1980 vita vikarudi. Watu wa West Nile, nyumbani kwa Amin, waliadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja, na wengi wakakimbilia Sudan na Zaire. Yule dereva wa Arua aliyepunguza mwendo pale Ruwais alizaliwa ukimbizini. Tanzania nayo ilililipa deni lake: Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini ugumu ulidumu miaka mingi zaidi, na mashujaa wamelala Kaboya. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, hata kama tembo mmoja alikuwa na haki.

Ndugu yetu wa Bukoba alitumalizia hadithi yake. Pale Jeddah, baada ya kimya kirefu, alimuuliza mwenzake, "Na nyumbani kwenu, mlibaki na nini?" Yule akajibu, "Hatukubaki na kitu." Akamwambia, "Hata sisi." Wakaenda kula pamoja. Wanapigiana simu mpaka leo, kila mwaka mpya. Hatujui somo gani lingeweza kuzidi hilo.

7. Nyumbani kwetu

Hatuna vifaru, wapendwa, lakini mipaka tunayo. Iko ndugu anayechukua hela za mchezo za mwenzake kwa sababu mwenzake hana karatasi na hawezi kulalamika popote. Iko familia iliyotangulia kufika huku inayomdharau aliyekuja jana. Uko ukoo unaomnyang'anya mjane shamba kijijini kwa sababu yuko mbali. Tukiwa na nguvu kidogo tu, Ben-hadadi anaamka ndani yetu. Na watoto wetu wasiambiwe kamwe kwamba watu wa nchi fulani "ndivyo walivyo". Aliyevuka mpaka wa Kagera alikuwa na jina lake. Kabila lake lote halikuwa yeye.

Maswali ya kujadili

1. Kati ya zile sababu sita, ni ipi iliyowahi kuonekana katika familia au kazini kwako, mtu alipotumia nguvu?
2. Kwa nini Ahabu, aliyekuwa ameokolewa, alimtendea Nabothi alivyomtendea? Tunawezaje kujilinda na hilo?
3. Wazee mliokuwepo mwaka 1978 na 1979, upande wowote wa mpaka: wasimulieni vijana jambo moja mliloliona kwa macho yenu.
4. Tunamwambia nini mtu ambaye mvamizi wake bado yuko nyumbani mwake? Na tusimwambie nini?
5. Je, kuna mtu wa taifa jingine katika kanisa hili ambaye hujawahi kula naye? Wiki hii itakuwaje?

Tuombe

Bwana, uwakumbuke waliokufa Kagera, Uganda na Kivu, ambao sisi hatuwezi kuwahesabu. Uwape kupumua walio chini ya mkono wa mwenye nguvu. Utufundishe kuuacha wazi mlango kwa adui anayetaka kuondoka, na kuulinda mpaka wa jirani kama wetu. Kwa jina la Yesu. Amina.

Mbarikiwe, na tukutane Jumapili.